Farasi wa Bahari Alivyofika Masisi

Katika miaka ya vita tulipokea mambo mengi ambayo hatukuyaomba. Tulipokea watu wenye bunduki wa aina tatu, na kila aina ilisema imekuja kutulinda na zile mbili nyingine. Tulipokea maturubai, tulipokea sabuni, tulipokea mafunzo ya kunawa mikono wakati kisima kilikuwa upande wa pili wa risasi. Na mwaka mmoja, barabara ya Sake ilipofungwa na mapigano, tulipokea farasi wa bahari.

Kwa asiyemjua, farasi wa bahari ni samaki mdogo, urefu wa kidole, mwenye kichwa cha punda na mkia unaojikunja kama wa kinyonga. Haogelei kama samaki wenye heshima zao. Husimama wima majini kama mtu anayengoja karani amwite. Wanasema anapungua kwa sababu ya nyavu, na kwa sababu wako watu wanaomkausha na kumsaga dawa. Nilisikitika, kwa kadiri mtu anavyoweza kusikitika akiwa kwenye milima ya Masisi, penye ng'ombe, maharagi, jibini na matope, na bahari iko mbali kiasi kwamba hata chumvi yake hutufikia imechoka.

Mtaalamu aliyemleta hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mrefu, mpole, akisema Kifaransa cha kwao, na alikuja na katoni tano za picha, vitabu na tisheti nyeupe zenye farasi wa bahari kifuani. Safari yake ilikuwa ya Shasha, kando ya ziwa, akawafundishe wavuvi. Kwamba ziwa letu halina farasi hata mmoja halikumsumbua mtu ofisini kwao. Waliona rangi ya buluu kwenye ramani wakaridhika. Lakini Shasha iko ndani ya teritwari ya Masisi, wilaya yetu, kwa hiyo ilimbidi kwanza apande mpaka huku juu kuomba muhuri. Alingoja muhuri siku nne. Siku ya tano muhuri ulipatikana na barabara ikafungwa nyuma yake. Shirika lake likamwambia kwa simu kwamba mafunzo lazima yafanyike kabla mwezi haujaisha, kwa kuwa ripoti ilikwisha kuandikwa. Akauliza wavuvi wako wapi. Akaambiwa hapa kuna wafuga ng'ombe na walima maharagi. Akasema watafaa.

Mafunzo yaliletwa shuleni kwetu, katika kijiji kilicho mteremko mmoja chini ya Masisi, na mimi nikachukuliwa kuwa mkalimani. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tano. Nilikuwa na Kifaransa kizuri na nilijua kwamba ninacho, na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia. Mtu akiwa na kitu ambacho jirani zake hawana, hata kama ni lugha tu, huanza kutembea kama jogoo.

Sasa niseme habari za bwawa la mama yangu, maana kila kitu kinaishia pale. Baba alilichimba kwa jembe, mwenyewe, bondeni nyuma ya nyumba, na aliposhikwa na mauti lilikuwa ndilo urithi pekee usiokula majani. Ndani alitia tilapia. Mbegu yao ilitoka kwenye kituo cha samaki cha serikali, huko chini ukielekea Walikale, na aliibeba kichwani ndani ya chungu kwa siku mbili. Kituo kile vita vilikipitia mapema. Wenye bunduki walikula samaki wa kuuza, wakala wa kufuga, wakala mpaka wazazi wenyewe, kisha wakalala usingizi mzuri. Mabwawa mengine ya bonde letu yakakauka moja baada ya jingine kwa namna hiyohiyo. Likabaki la mama. Kila aliyetaka kuanza upya alikuja kwake na ndoo, naye alimpa mbegu.

"Iyi ikikufa," alikuwa akiniambia, "bajukuu yako wataona samaki mu kopo tu."

Wenye bunduki walikuja kila Jumanne. Walisema wanakagua. Walikagua kwa kapu, wakaondoka, na mama alibaki kwenye ukingo akihesabu kwa macho waliosalia wa kuzaa. Hofu yake ilikuwa moja tu: kwamba Jumanne moja wangechoka kukagua kidogo kidogo, wakakata ukingo na kukagua vyote.

Siku ya mafunzo darasa lilijaa. Watu walikuja kwa ajili ya tisheti na chupa ya sukre, kama sisi tunavyoita soda, na mke wangu aliajiriwa kupika maharagi ya washiriki. Mtaalamu akabandika picha ukutani. Nikatafsiri kwa uaminifu mkubwa: huyu ni farasi wa bahari.

Hapo mambo yakaharibika. Wengi wetu farasi tumemsikia kwenye Biblia tu. Mzee mmoja, mwenye ng'ombe wengi kabla ya vita na watatu baada yake, akasimama.

"Mwalimu, iyi inakamuliwaka?"

Nikasema hapana.

"Inabebaka muzigo?"

Nikasema hapana, ni samaki.

"Sasa farasi iko wapi?"

Tulikaa hapo mpaka saa nne na nusu. Mmoja alidai ni mjusi. Mwingine alitaka kujua kama Musa alipopasua bahari hawa walikuwa kwenye jeshi la Farao. Mtaalamu aliniuliza wanasema nini, nikamwambia wamevutiwa sana. Mwishowe nilichoka. Nikajiambia, farasi huyu atatulaza hapa. Tangu dakika ile, kila mtaalamu aliposema farasi wa bahari, mimi nilisema samaki. Basi. Samaki wanapungua, samaki walindwe, samaki wafanyiwe hivi na hivi. Darasa likatulia, na mimi nikajiona fundi.

Mbinu zake zilikuwa mpya, sikatai. Alisema baharini wanawajengea samaki hawa hoteli: vizimba vya nyavu ambamo hujishikiza kwa mkia na kupumzika, mimea ikiwaotea pembeni. Nilipotafsiri hoteli, mama mmoja aliyekuwa akiishi chini ya turubai mwaka wa pili aliuliza kama kuna nafasi. Mtaalamu alisema kila samaki huchorwa alama za uso wake na kupewa namba, ili ajulikane yuko wapi. Wakauliza kama na watu watapewa. Alisema usiweke wazazi wote sehemu moja. Watawanye, ili balaa likipiga hapa wabaki kule. Hilo nilitafsiri harakaharaka, maana halikuchekesha.

Kisha akafika kwenye mimba. Alisema kwa hao viumbe wake, jike humpa dume mayai, na dume huyabeba ndani ya mfuko tumboni mpaka azae. Kwa hiyo wavuvi wa huko wakimkamata dume mwenye mimba humweka kwanza kizimbani azae, ndipo afanywe mengine. Mtaalamu alisema haya kwa heshima, akionyesha picha ya dume mwenye tumbo.

Na mimi nikalipeleka neno lile darasani, kwa Kiswahili cha kwetu ambamo ndiye ni njo, kama mtu anayerusha mfupa katikati ya mbwa. "Sikilizeni! Kwa samaki, baba njo anabebaka mimba. Baba njo anazaa!"

Darasa lilivunjika. Akina mama walipiga vigelegele. Wanaume walishika matumbo yao na kuguna. Nilivyoona wanacheka nikaongeza ya kwangu: kwamba dume akiwa na siku zake hataki harufu ya vitunguu, kwamba jike hutoka na rafiki zake. Mtaalamu alitabasamu, akidhani ni sayansi inapokelewa.

Ndipo mke wangu, nyuma kabisa karibu na mlango, akainua mwiko. Yeye ni mtu wa Shasha. Alizaliwa kwenye nyumba inayonuka sambaza, dagaa wa ziwa letu, na hakuona aibu kusema.

"Mwalimu," akasema, maana mbele za watu aliniita hivyo, "kwetu mu mabwawa ya Shasha, iyi tilapia, mama njo anabebaka. Anabeba batoto mu kinywa. Nimeona na macho yangu."

Ningeweza kumwuliza mtaalamu. Ilikuwa sentensi moja ya Kifaransa. Lakini mtu wa maharagi kumrekebisha mtu wa chaki mbele ya mgeni, nani amewahi kuona? Nikamwambia, "Mama, hapa hatuko ku soko ya sambaza."

Walicheka kuliko mara zote. Mke wangu aliteremsha mwiko akarudi kwenye sufuria yake. Maharagi ya siku ile yalikuwa na chumvi nyingi.

Jioni nilipita kwa mama. Hakuja kwenye mafunzo kwa kuwa ilikuwa Jumanne, siku ya wakaguzi. Nilimwigiza mtaalamu, nikamwigiza samaki aliyesimama wima, nikamsimulia hoteli. Mama hakucheka sana. Alikuwa akichambua mboga za lengalenga.

"Kitu ya maana alisema njo gani?"

Nikamwambia, kwa dharau, alisema mbegu yote isikae mu shimo moja.

Mikono ya mama ikasimama. "Ule muntu iko na akili," akasema.

Habari za mimba sikumwambia. Kwetu mtoto wa kiume hazungumzi mimba mbele ya mama yake, hata ya samaki. Ukianza hapo utafika wapi? Kwa hiyo neno lile moja ambalo mama angelisahihisha akiwa amekaa, bila hata kuacha mboga zake, nililificha kwa adabu. Wakati wa kunyamaza nilisema, na wakati wa kusema nilikuwa na adabu.

Wiki ileile mama alitawanya mbegu yake. Alichagua madume tisa na majike tisa, akawapeleka nyumba tisa, wawili wawili. Kila nyumba ilitoa ilichokuwa nacho. Kwa mzee wa ng'ombe ilikuwa birika la kunyweshea. Kwa mpika kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa mtumbwi wa mti anamokamulia ndizi, na ukoo wake wote walivumilia kiu kwa ajili ya samaki wawili. Kanisani samaki walikaa kwenye kisima cha ubatizo, na waliotaka kuzaliwa upya wakaambiwa wangoje. Jirani yetu mjane, mwenye watoto watano, alitoa beseni lake kubwa, lile la kuogeshea watoto. Nyumba ya tisa ilikuwa yetu: nusu pipa nyuma ya jikoni. Nyumbani mwake mwenyewe mama hakuweka hata mmoja, kwa kuwa nyumba yake ndiyo iliyopekuliwa kwanza siku zote; waliosalia bwawani aliwaachia wakaguzi.

Alipokabidhi alionyesha kwa kidole. "Iyi munene njo baba. Iyi kadogo njo mama. Muchunge zote mbili. Mubadilishe maji." Hakueleza zaidi. Angeelezaje? Nani kwenye mlima huu hajui anayezaa ni nani?

Samaki wa mwisho walipokabidhiwa, mimi nilikuwa nimekwisha kupanda pikipiki. Shirika lilipenda kazi yangu. Liliniomba nikarudie mafunzo yaleyale Pinga, kaskazini kabisa mwa Walikale, msituni, mahali ambapo ukiwaeleza bahari wanakuuliza kama kuna miti. Siku tatu tu, walisema. Nikafika, na nyuma yangu njia ikafungwa. Nikakaa wiki sita. Mafundisho ya mtaalamu kuhusu kutawanya nilikuwa nimeyatimiza mwenyewe.

Akina mama wa Pinga huvua kwa kuziba kijito kwa udongo, kisha huchota maji kwa makapu mpaka samaki wabaki wakirukaruka kwenye tope. Siku ya mafunzo iliangukia siku ya kuchota, wakaja na makapu yao palepale. Nikaeleza hoteli. Nikaeleza namba. Nikafika kwenye mimba na nikatoa mzaha wangu wote, na vitunguu ndani.

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja mtu mzima, miguu imejaa tope mpaka magotini, aliingiza mkono kapuni akatoa tilapia. Akamshika mashavu kwa vidole viwili, akabana. Kinywani mwa samaki vikatoka vitoto, vidogo kama punje za ulezi, vikachezacheza kwenye kiganja chake.

"Iyi iko mama," akasema. "Baba yake njo ile nyingine, iko inakimbia-kimbia bule." Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Mwalimu, we ulizaliwaka na nani?"

Hapo ndipo walipocheka. Na mimi nikacheka nao, kisha nikaacha. Niliona nyumba tisa. Niliona birika, mtumbwi, kisima cha ubatizo, beseni la mjane. Niliwaona watu ambao chakula kikiwaishia wangetazama samaki wawili na kujiuliza ni yupi wa kuachwa, na jibu walikuwa nalo tayari, kutoka kwa mwalimu wao. Niliogopa. Sikuwa nimeogopa hivyo hata mizinga ilipokuwa ikilia juu ya Masisi, maana mizinga haikuwa yangu.

Nilipanda kilima chenye mtandao, asubuhi baada ya asubuhi, nikiinua simu juu kama padri anayeinua kikombe. Simu za kwetu zilikuwa zimezimika; mwenye paneli ya kuchajia alikimbia siku za kwanza. Kutoka kwa wapita njia nilisikia yaliyobaki: kwamba vijiji vyetu vimezingirwa, soko halipo, maharagi ya ghalani yamechukuliwa na walinzi wetu wa aina zote tatu kwa zamu.

Niliporudi, nilipita bondeni kabla ya kufika nyumbani. Ukingo wa bwawa ulikuwa umekatwa. Chini kulikuwa na tope lililopasuka na nyayo za buti. Mama alikuwa amekaa juu yake na jembe, tayari ameziba nusu.

"Walitoa yote kwa siku moja," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. "Mukubwa wao alivaa ile tisheti yenu. Kale kasamaki kenye kichwa ya punda kalikuwa kwa kifua yake, kanaangalia wenzake bakiingia mu gunia." Halafu akacheka. "Lakini mbegu iko kwa nyumba tisa. Waambie walete Jumamosi."

Ningemwambia siku ileile. Sikumwambia. Nilijipa matumaini kwamba labda hakuna aliyekula, kwamba labda siku ile hawakunisikiliza. Kwa miaka kumi nilikuwa nikiomba Mungu watu wanisikilize. Wiki ile niliomba kinyume chake.

Jumamosi bwawa lilikuwa na maji hadi kiunoni. Watu wakashuka na ndoo, wamekonda, mabega yamewatoka, wanatabasamu kama watu wanaoleta zaka. Mzee wa ng'ombe akawa wa kwanza. Ndani ya ndoo yake alikuwa samaki mmoja, mnene. Mama akamshika, akamgeuza tumbo, akamtazama chini ya mkia.

"Dume," akasema, akamtia majini. "Mwenzake?"

"Tulikula, Mama. Njala ilikuwa mingi."

Akaja wa kasiksi. Dume. Akaja mtu wa kanisa. Dume. Wanne, watano, sita, saba, wote wanene, wote madume. Uso wa mama ulikuwa ukibadilika polepole. Wa nane alikuwa jirani yetu mjane na beseni lake kichwani. Alilitua kwa uangalifu mkubwa. Samaki wake ndiye aliyekuwa mnene kuliko wote.

Mama hakumgeuza hata tumbo. "Kwa nini wote mulikula kale kadogo?" akauliza. "Muntu mwenye njala anaachaka kenye nyama?"

Mjane ndiye aliyejibu, na alinijibu mimi. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Mwalimu alisema baba njo anazaa. Batoto walilia, wakasema mama, tukule ile munene. Nikakataa. Nikawapa kale kadogo, tukagawana sita. Ile munene nilikuwa naipa kafufu kangu. Kila asubuhi naangalia tumbo yake, naona inakuwa mukubwa, nasema iko karibu." Akatazama beseni lake. "Tuliingojea izae, Mwalimu."

Niliona haya. Nimeona haya mara nyingi maishani na nyingi nimezisahau. Hiyo bado ninayo. Yule mama alikuwa amemlisha dume fufu, ugali wake wa mwisho, kwa sababu mimi nilitaka watu wacheke darasani, na tumbo lililokuwa likikua lilikuwa limejaa hiyo fufu.

Watu wanane walikuwa wakinitazama, na hakuna aliyeninyooshea kidole; haikuhitajika. Mama aliweka mikono kiunoni.

"We," akaniambia, "siku nilikuzaa, baba yako alikuwa hapa, mu hii bwawa, anachimba. Hakuzaa kitu."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Madume manane yalikuwa yakizunguka kwenye urithi wa baba yangu, yakijigamba, kama mkutano wa viongozi wetu. Kituo kilikwisha kuliwa, mabwawa mengine yalikwisha kukauka, na mbegu iliyobebwa kichwani siku mbili ilikuwa imefikia mwisho wake kwa mkono wangu. Mama alikaa chini kwenye ukingo. Kwa mara ya kwanza tangu vita vianze nilimwona amechoka.

Ndipo mke wangu aliposhuka, wa tisa, amechelewa kwa kuwa alikuwa akimaliza kufua. Alibeba sufuria iliyofunikwa kwa kitenge. Tangu nirudi sikuwa nimeuliza habari za nusu pipa letu. Nilikuwa nikilizunguka kwa mbali. Alitua sufuria mbele ya mama, akafunua. Samaki alikuwa mdogo, amekonda, shavu limevimba.

Mama alimgeuza tumbo. Kisha akambana mashavu taratibu, kama yule mama wa Pinga, akaachia upesi. Kitoto kimoja kilichungulia kikarudi ndani.

"Iyi njo mama," akasema.

"Munene tulikula wiki yenye niliona huyu amebeba," mke wangu akaeleza. "Batoto walikuwa na njala, na munene njo iko na nyama. Tena kazi yake ilikuwa imeisha."

"Sasa kwa nini hukuambia wengine?"

Mke wangu alikunja kitenge chake mara mbili, bila haraka.

"Niliambiaka, Mama. Mbele ya bantu wote. Mwalimu akasema hatuko ku soko ya sambaza."

Walicheka basi, wote wanane, na mjane naye, akijifuta macho. Mama alicheka mpaka akashika tope. Nilisimama pale na Kifaransa changu chote. Mbegu ya bonde zima ilikuwa imeokoka kwa sababu nyumba moja haikuniamini, na nyumba hiyo ilikuwa yangu.

Ripoti ya mtaalamu niliisoma miezi kadhaa baadaye, alipoituma kwa wema wake. Ilisema jamii ya pwani ya Masisi imezipokea mbinu mpya kwa moyo mkunjufu. Kulikuwa na picha yangu nikiwa nimefungua mikono, nikionyesha ukubwa wa tumbo la dume. Sikuijibu.

Bwawa lilirudi polepole. Kisima cha ubatizo kilipokea tena watu, na mpika kasiksi akafanya kazi mara mbili kufidia. Vitoto vilipofika urefu wa kidole, mama alisema wa kwanza kupewa ni mjane, maana alikuwa amechimba shimo dogo nyuma ya nyumba yake. Alikuja na beseni lile lile. Mama alimchagulia sita, mimi nikawamimina, nikifurahi kwamba angalau mikono yangu inafaa.

Mjane aliinama akawatazama. "Mwalimu," akauliza, kwa adabu yake yote, "kwa hizi, nani njo anazaa?"

"Mama," nikasema. "Mama njo anazaa. Anabeba mu kinywa."

Alisema asante. Halafu akageuka, akamtafuta mke wangu, aliyekuwa ng'ambo ya bwawa akiosha miguu, akangoja. Mke wangu aliinua kichwa, akakubali. Ndipo mjane alipojitwisha beseni lake akaenda nyumbani.